Honi Mbili za Kona ya Onyancha

Watu wa mlima ule walimjua Nyasani kwa honi yake kabla ya kumjua kwa sura. Siku za kuchuma chai, yapata saa kumi alasiri, lori lake lilishuka kutoka vituo vya kupimia chai vya juu kule Nyaramba likiwa limejaa magunia ya majani mabichi, na likikaribia mahali barabara inapojikunja ubavuni mwa mlima, lilitoa honi mbili ndefu. Wanawake waliokuwa wameinama mashambani walinyoosha migongo na kusema, "Nyasani amebeba." Wengine walizitumia honi hizo kama saa. Akina mama kadhaa waliwahi kuunguza maharagwe kwa sababu tu Nyasani alichelewa kupita, na lawama wakampa yeye.

Mahali pale paliitwa Kona ya Onyancha, na jina hilo halikutolewa kwa furaha. Onyancha alikuwa dereva mwenzake Nyasani. Mwaka wa 1965, mvua za Aprili zikiwa zimeifanya barabara ya udongo mwekundu iteleze kama bamia, Onyancha alikuwa anashuka na mzigo, Nyasani yuko nyuma yake kwenye lori lake mwenyewe. Upande wa kulia palikuwa na mlima, upande wa kushoto bonde. Onyancha alishika kushoto jinsi sheria isemavyo. Ukingo wa barabara ukameguka chini ya magurudumu, taratibu, kama ugali unavyokatwa. Nyasani alimwona mwenzake akizungusha usukani huku lori likiwa tayari limo hewani. Walimkuta chini kwenye migomba.

Tangu siku hiyo Nyasani aliapa kwamba akiwa na mzigo hatakanyaga ukingo wa bonde tena. Na kwa kuwa wakati huo hakuwa mtu wa kuokoka peke yake, aliwakusanya madereva wenzake kwenye uwanja wa kiwanda cha chai akawaambia wazo lake. Mwenye mzigo apewe upande wa mlima, awe anapanda au anashuka. Asiye na mzigo, kwa kuwa lori lake ni jepesi, apite upande wa bonde. Na kwenye kona, ambako huwezi kuona anayekuja, aliyebeba apige honi mbili ndefu. Ukizisikia nawe huna kitu, mpishe mlima.

Serikali ilisema kushoto. Lakini serikali haikuwahi kuendesha lori la chai mwezi wa Aprili, na kwa miaka tisa hakuna dereva mwingine aliyeanguka pale. Hilo lazima lisemwe, kwa maana watu siku hizi humsimulia Nyasani kana kwamba alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Kanuni yake iliwarudisha wanaume wengi nyumbani kwao, naye alijivunia, na nani asingejivunia? Madereva wapya waliletwa kwake kufundishwa, wakamwita Mwalimu ingawa hakumaliza hata darasa la nne.

Mwanafunzi wake bora aliitwa Manasseh, kijana mpole kutoka pande za Kenyenya, aliyekuja kutafuta kazi mwaka wa 1969. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Ukimwambia jambo mara moja, ulikuwa umemaliza. Mwalimu alimfundisha gia, breki za mteremko na honi mbili, na Manasseh naye, kwa muda wake wa ziada, akamwona Gesare, binti wa Mwalimu. Mwaka wa 1971 ng'ombe walifika, wazee wakala, na mwanafunzi akawa mkwe.

Hapo mambo yakabadilika. Wagusii tuna kitu tunachokiita chinsoni, heshima yenye haya ndani yake, na baina ya mtu na baba mkwe wake ni ukuta kabisa. Mkwe haketi benchi moja na baba wa mkewe. Hamtanii, hambishii, na hata akiiona aibu yake hugeuza macho. Mzee naye hujichunga, hajishushi mbele ya mkwe hata kidogo. Kwa hiyo watu wawili waliokuwa wakicheka pamoja kwenye kebini ya lori sasa walisalimiana kwa mbali, kofia mkononi. Barabarani ndipo walipozungumza zaidi kuliko nyumbani. Mmoja akipiga honi mbili, mwenzake alimpisha mlima, wakapungiana mikono na kupita.

Lami ilifika mwaka wa 1974. Ilikuwa nyeusi, laini, ina mstari mweupe katikati, na ukingo wa bonde ulijengwa kwa mawe na saruji hata tembo asingeumegua. Bwana mmoja wa ofisini alikuja na karatasi akawasomea madereva: kila mtu ashike kushoto, hakuna tena mambo ya mlima na bonde. Madereva walitikisa vichwa kukubali. Kesho yake, kwenye Kona ya Onyancha, honi mbili zililia kama kawaida.

Mazoea yana taabu, lakini kwa Nyasani hayakuwa mazoea tu. Alijaribu. Siku ya kwanza ya lami alishika kushoto akashuka, na alipofika konani, bonde likiwa pale pale chini ya dirisha, mikono ililowa jasho, miguu ikafa ganzi, akamwona Onyancha akizungusha usukani hewani. Kabla hajajua alichokifanya, lori lilikuwa limehamia mlimani. Akajaribu tena wiki iliyofuata, ikawa vile vile. Alikuwa kama ng'ombe aliyefungwa kamba ndefu. Barabara yote alikwenda vizuri, mpaka pale konani kamba ilipoishia.

Na alijua. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi na chakula. Zamani waliopita njia ile wote walikuwa wenyeji wanaojua maana ya honi. Lami ilileta wageni, na wageni walikuja kwa kasi. Kila alasiri Nyasani aliuvuka mstari mweupe akiwa na tani nne za majani, akaingia upande wa watu wengine, akiomba Mungu asiwepo mtu. Kuacha kazi hakuweza, maana hakujua nyingine. Kumwambia bwana wa ofisini kwamba Mwalimu wa madereva anaogopa kona? Afadhali afe.

Siku moja ya Jumatano, mwaka wa 1975, mtu alikuwepo. Gari dogo jeupe lilikuwa linapanda, limeshika kushoto kwake, upande wa mlima, kama inavyotakiwa. Nyasani aligonga breki kwa miguu yote miwili. Magunia mawili yaliruka juu ya kebini yakapasuka barabarani, na lori likasimama likiwa limebakiza hatua moja kuligusa gari lile. Aliyeshuka alikuwa mwanamke aliyevaa sare ya muuguzi, jina lake Marion, aliyehamishiwa huku kutoka Nakuru. Kiti cha nyuma alikuwa na mtoto mchanga wa mtu, amefungwa blanketi, anapelekwa hospitali. Marion alimwendea dirishani.

"Mzee, huu ni upande wangu."

"Pole sana, mama. Hapa mwenye mzigo hupewa mlima. Nilipiga honi."

"Hiyo imeandikwa wapi?"

Muuguzi hakungoja jibu, akarudi garini, akamgeuza yule mtoto kichwa, akaondoka. Nyasani aliokota majani yake kwa mikono, karibu jani moja moja, mpaka jua likapoa.

Jumamosi, siku ya Sabato, alikaa kanisani bila kuimba. Mbele za Mungu aliahidi kwamba kuanzia Jumatatu atashika kushoto, hata kama moyo utamtoka kinywani. Hiyo ilikuwa ahadi nzuri. Lakini ilikuwa na kipande cha pili ambacho aliona waziwazi: lazima awaambie wengine, na wa kwanza ni Manasseh, maana ndiye aliyekutana naye konani kila siku. Ibada ilipokwisha, Manasseh alikuwa amesimama chini ya ukuta wa kanisa, kofia mkononi, akimsubiri Gesare. Nyasani alimkaribia mpaka mahali ambapo chinsoni humruhusu mzee kufika.

"Manasseh."

"Ee, Tata." Ndivyo Wagusii tunavyomwita baba.

"Ile kona."

"Ee, Tata?"

Maneno yalikuwa pale ulimini. Nilikosea. Niliyokufundisha yataua mtu. Lakini mkwe alikuwa amemwinamia kwa adabu kubwa, kama mtu anayengoja kupewa hekima, na mzee akaona haya kumwaga ujinga wake mbele ya heshima kama ile.

"Ina mchanga," akasema. "Uangalie."

"Nimesikia, Tata."

Basi. Nyasani aliondoka akijiambia atamtuma mtu amwambie. Hakumtuma mtu.

Jumatatu alipakia, akashuka. Alishika kushoto. Alipoikaribia kona jasho lilianza, akaanza kuomba kwa sauti, macho ameyakaza kwenye mstari mweupe asione bonde. Mikono ilitii. Kwa mara ya kwanza tangu Onyancha afe, mikono yake ilitii, na furaha ikampanda mpaka machozi yakamtoka. Ila kidole gumba hakikuambiwa habari za toba. Kilifanya kilichokuwa kikifanya kila alasiri kwa miaka kumi. Kikapiga honi mbili ndefu.

Upande wa pili wa kona Manasseh alikuwa anapanda na lori tupu, akimpeleka Josiah, karani wa kituo, pamoja na mizani yake. Alikuwa ameshika kushoto kwake vizuri, ndani ya sheria. Akasikia honi mbili. Tata amebeba, mpishe mlima. Akauvuka mstari mweupe, akahamia upande wa bonde kwa heshima zote.

Nyasani alipozinduka alikuwa amebanwa. Usukani ulikuwa kifuani, mguu wa kulia umenaswa chini mahali ambapo chuma kilikuwa kimejikunja, na majani ya chai yalikuwa yamemiminika kupitia kioo kilichovunjika mpaka yakamfika kidevuni, mabichi, yananukia. Hakuweza kugeuza kichwa. Kilichobaki kumfikia ni sauti, na sauti ilikuwa ya Manasseh, kutoka kebini ya pili, karibu sana, maana malori yalikuwa yameingiliana.

"Tata," ilisema kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. "Mbona leo umeacha mlima?"

Kisha Manasseh akaanza kumwita Josiah. Alimwita mara nyingi. Watu walikuja na majembe na nondo, wakafanya kazi ya kuchomoa kwa zaidi ya saa nzima, na muda wote huo Nyasani alilala ndani ya chai akimsikiliza mkwewe akimwita mtu ambaye hakuitika. Josiah alikuwa amekufa pale pale.

Polisi walipima barabara kwa kamba. Hesabu yao ilikuwa rahisi. Lori la Nyasani lilikuwa upande wake. Lori la Manasseh lilikuwa limevuka mstari. Manasseh alitolewa na mkono uliovunjika, akafungwa bendeji, akapelekwa rumande Kisii kungojea kesi ya kusababisha kifo. Akiulizwa kwa nini alivuka, alisema, "Nilikosea." Hakuongeza neno. Angeongeza lipi? Kusema zaidi kungekuwa kumvua nguo baba wa mkewe mbele ya watu.

Nyasani naye alilazwa, na hospitalini sifa zilimfuata kitandani. Bwana wa ofisini alikuja na machungwa, akasema kwamba Nyasani ni mfano kwa madereva wote, na kwamba akipona ndiye atakayewafundisha kushika kushoto. Mchungaji alishukuru kwa mkono wa Bwana. Nyasani aliyapokea yote akiwa amelala chali, mguu umening'inizwa kwa kamba, hana pa kukimbilia.

Gesare alikuja siku ya nne na uji kwenye chupa. Alimnywesha baba yake kikombe kizima. Kisha akafunga chupa, akakaa.

"Tata, ulipiga honi?"

Alikuwa amekulia kwenye mlima ule. Honi zile zilikuwa saa yake tangu utotoni, na kila mtu aliyekuwa shambani Jumatatu ile alizisikia. Polisi hawakuuliza habari za honi. Kwao honi ni honi.

"Nimechoka, mwanangu," akasema Nyasani.

Gesare alichukua chupa yake akaenda.

Persis, mkewe, ndiye aliyesema yale ambayo Nyasani mwenyewe alikuwa akiyawaza kwa siri. "Josiah hafufuki. Manasseh ameshasema alikosea. Ukienda kujitia katikati, watawafunga wote wawili, na mimi na Gesare tubaki tunatazamana kama wajane. Nyamaza." Nyasani akanyamaza. Miezi minne alinyamaza, na ule ukimya ulimbana kuliko ulivyombana usukani, maana kwenye usukani angalau watu walikuja na nondo.

Kesi ilisikizwa Kisii. Nyasani aliitwa kama shahidi wa mashtaka, ndivyo mambo yalivyokuwa yamejipanga, kwamba yeye ndiye wa kummaliza mkwewe. Alipanda kizimbani kwa mkongojo, akaapa. Manasseh alimwona anapanda, akageuza uso ukutani, jinsi chinsoni inavyotaka. Gesare alikuwa benchi la nyuma.

"Siku hiyo ulikuwa upande gani wa barabara?" akauliza inspekta.

"Kushoto."

"Na mshtakiwa?"

"Alikuwa mbele yangu. Upande wangu."

"Asante, mzee. Unaweza kushuka."

Nyasani hakushuka. Alishika ukuta wa kizimba kama alivyozoea kushika usukani konani, na miguu ikafa ganzi vile vile, na jasho likatoka vile vile. Safari hii hapakuwa na mlima wa kuhamia.

"Nilipiga honi," akasema.

Hakimu alimtazama juu ya miwani. "Dereva mwangalifu hupiga honi kwenye kona. Hilo si kosa."

"Bwana Hakimu, honi zangu husema maneno. Zilimwambia ahame. Yeye alikuwa upande wake, halali, mimi nikamtoa." Akaeleza yote, Onyancha, mlima na bonde, honi mbili, muuguzi na mtoto, ahadi ya Sabato. Mwisho akafika kwenye ukuta wa kanisa. "Nilisimama naye pale nikataka kumwambia nimeacha kanuni ile. Nikaona haya. Nikamwambia kona ina mchanga. Haikuwa na mchanga."

Manasseh alikuwa bado ameelekea ukutani, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha alisema kwamba amesikia, na kwamba ameyahurumia yote aliyoyasikia, lakini sheria ya barabara inajua kushoto na kulia, haijui mlima na bonde. Aliyevuka mstari ni aliyevuka. Kwa sababu ya ushahidi wa mzee, alimpunguzia Manasseh, akampa mwaka mmoja na nusu na kumnyang'anya leseni. Nyasani aliomba ashtakiwe. Aliomba mara mbili. Aliambiwa kwamba hana kosa linaloandikika, ashuke kizimbani, wengine wanasubiri.

Gesare alimngojea nje. Alimshika mkono, akambebea mkongojo kwenye ngazi.

Hivyo Nyasani akarudishwa nyumbani akiwa huru, na sijui kama kuna kifungo kibaya kuliko hicho. Ofisi ilisema imesikia habari za mahakamani na haimtaki tena aendeshe wala afundishe. Sawa. Lakini wiki ile ile aliyorudi, akiwa ameketi mlangoni yapata saa kumi, alisikia kutoka mlimani honi mbili ndefu. Kisha nyingine tena. Hata kifo cha Josiah hakikuwa kimeinyamazisha kanuni yake, na yeye aliyeizaa hakuwa na pa kuiita irudi.

Kesho yake alichukua mkongojo akapanda mpaka konani, akasimama kwenye lami, upande wa mlima. Lori likaja likishuka, limejaa, limeuvuka mstari. Likasimama. Dereva, mmoja wa wale aliowafundisha, akatoa kichwa.

"Mwalimu, utagongwa! Pisha, nimebeba."

"Rudi kushoto kwako."

"Mwalimu, si wewe uliye—"

"Ni mimi. Rudi kushoto. Na hiyo honi usinipigie tena."

Hakuondoka mpaka lori liliporudi upande wa bonde na kupita. Alifanya hivyo siku zote za kuchuma chai, mvua na jua. Madereva wengine walimcheka, mmoja alimtukana, na wake kwa waume shambani wakasema mzee amepungukiwa. Persis alilia na kugomba, kisha akaanza kumpelekea chakula pale pale. Mwezi baada ya mwezi honi zilipungua. Maharagwe yakaungua tena, maana wanawake walipoteza saa yao.

Manasseh aliachiliwa mwaka wa 1977. Alipanda mlima kwa miguu pamoja na Gesare, kisanduku begani, mkono uliovunjika umepona vibaya. Walipofika konani walimkuta mzee amesimama peke yake kwenye lami. Manasseh aliweka kisanduku chini, akavua kofia, akainama mahali pale pale ambapo mkwe husimama.

"Tata, twende nyumbani."

"Tangulieni," akasema Nyasani, macho barabarani, maana hakuweza kumtazama. "Bado lori moja halijapita."

Gesare alianza kusema kitu, lakini mumewe alimzuia kwa mkono. Akavuka barabara, akasimama upande wa chini wa kona, mahali ambapo mzee hakuweza kuona, akatazama kule malori yanakotokea yakipanda. Wakasubiri wote watatu mpaka lori lile likaja, limeshika kushoto, na kupita kimya.